Katalogi ya maktaba ya chuo: "hakuna matokeo" haina maana ya "hakuna kitabu"

Kila mwaka, masomo yanapoanza na wahadhiri wanapogawa orodha za vitabu vya kusoma, kaunta ya maktaba ninakofanya kazi hujaa wanafunzi wenye lalamiko moja: wametafuta kitabu kwenye kompyuta, kompyuta imejibu kwamba hakuna matokeo, na kwa hiyo maktaba haina vitabu. Mmoja wao, mwanafunzi wa mwaka wa kwanza, alinionyesha simu yake. Katika kisanduku cha kutafutia alikuwa amenakili mstari mzima kutoka kwenye orodha ya mhadhiri: jina la mwandishi, mwaka ndani ya mabano, jina la kitabu, mji kilikochapishwa na jina la mchapishaji, pamoja na nukta na mikato yake yote. Nikamwomba afute kila kitu, abakize jina la ukoo la mwandishi na maneno mawili tu ya jina la kitabu. Zikatokea nakala nne, mbili zikiwa rafuni ghorofa ya pili, juu tu ya pale tuliposimama.

Simlaumu. Shule nyingi za sekondari hazina katalogi ya aina hii, na mtu aliyejifunza kutafuta kwa Google amezoea mashine inayokisia anachokusudia, inayomsahihishia tahajia, na isiyokosa jibu hata swali likiwa bovu. Katalogi ya maktaba haifanyi kazi hivyo, na mkanganyiko mwingi unaanzia hapo.

Katalogi ni orodha ya vitu ambavyo maktaba inavimiliki au ina haki ya kuvitumia. Kwa kila kitabu huwa na maelezo mafupi tunayoyaita rekodi: jina la kitabu, mwandishi, mchapishaji, mwaka, idadi ya kurasa, mada inayohusika, namba inayoonyesha mahali pake rafuni, na hali ya kila nakala. Tuseme umeingia duka kubwa la vifaa vya ujenzi pale Kariakoo. Mwenye duka ana daftari la stoo linalomwambia bawaba za inchi nne zimebaki ngapi na ziko rafu ipi. Bawaba zenyewe hazimo ndani ya daftari, na ukimuuliza kijana wa dukani habari za "kile kitu cha kushikia mlango," atapekua daftari bila kuona neno hilo hata kama stoo imejaa bawaba. Rekodi ya kitabu nayo haina maandishi ya kitabu. Jambo lililoelezwa vizuri katika ukurasa wa 147 halitapatikana kwa kuandika maneno ya ukurasa huo, kwa sababu katalogi haikupata kuusoma.

Waliosoma vyuo miaka ya sabini na themanini watakumbuka makabati ya mbao yenye droo ndefu zilizojaa kadi. Kwa kawaida kitabu kimoja kilikuwa na kadi kadhaa: ya mwandishi, ya jina la kitabu, na moja au zaidi za mada. Makabati hayo yameondoka karibu kila mahali. Shirika la OCLC la Marekani, lililokuwa likizichapia maktaba kadi hizo, lilichapisha za mwisho Oktoba 2015. Umbo lake limebaki hai ndani ya kompyuta, maana ukifungua sehemu ya utafutaji wa kina utakuta unaulizwa yaleyale: mwandishi, jina la kitabu, mada. Vyuo vingi vya Afrika Mashariki leo vinatumia programu ya Koha, iliyotengenezwa New Zealand mwaka 1999 na kutolewa bure, na jina lake ni neno la Kimaori lenye maana ya zawadi. Rangi na nembo hutofautiana chuo kwa chuo, lakini anayeimudu katalogi moja hashindwi na nyingine.

Tofauti kati ya mwandishi na mada ndiyo ya kwanza kushikwa. Chukua jina la Julius Nyerere. Ukiliandika katika sehemu ya mwandishi, utaletewa vitabu alivyoviandika yeye na hotuba zake zilizochapishwa. Ukiliandika katika sehemu ya mada, utaletewa vitabu ambavyo wengine wameandika juu yake. Ukiliandika katika kisanduku cha jumla, kinachotafuta maneno popote yalipo kwenye rekodi, utapata vyote kwa pamoja. Na jina hutangulizwa la ukoo: Nyerere, Julius K. Majina yetu yana shida yake hapo, kwani si kila Mswahili ana jina la ukoo kwa namna wanavyolielewa Wazungu waliotunga kanuni hizi, na mwandishi mmoja anaweza kuwekwa chini ya jina lake katika maktaba moja na chini ya jina la baba yake katika nyingine. Tahajia nayo hubadilika: Shaban na Shaaban, Mohamed na Muhammad, Saidi na Said. Ukikosa kwa moja, jaribu ya pili kabla ya kuondoka.

Kisanduku cha jumla kina sharti ambalo haliandikwi popote kwenye ukurasa. Katika mpangilio wa kawaida wa programu nyingi, maneno yote uliyoandika lazima yawemo ndani ya rekodi moja. Kila neno unaloongeza linapunguza matokeo. Mwanafunzi wangu aliandika maneno kumi na tano. Ilitosha moja tu kati yake lisilingane, tuseme mwaka wa toleo, ili nakala zote nne zifichike. Anza na maneno mawili au matatu, kisha yakija matokeo mia tatu, yapunguze kwa vichujio vilivyo pembeni ya ukurasa, vya mwaka, lugha au aina ya chapisho.

Sasa tufike kwenye mada, ambako ndiko wasomaji wa Kiswahili hupotea zaidi, na sijaona mwongozo wa maktaba unaowaeleza waziwazi. Maktaba nyingi za vyuo huchukua majina ya mada kutoka kwenye orodha rasmi ya Maktaba ya Congress ya Marekani. Orodha hiyo ni ya Kiingereza, tena Kiingereza cha Marekani. Kitabu kilichoandikwa kwa Kiswahili kuhusu kilimo cha mahindi kitakuwa na jina lake la Kiswahili kwenye rekodi, lakini mada yake itaandikwa Corn, wala si maize kama tulivyofundishwa shuleni. Karanga ziko chini ya Peanuts, ilhali mabwana shamba wetu wamezoea groundnuts. Kandanda ni Soccer. Lugha ya Kiswahili ni Swahili language. Mtu anayeandika "maize" katika sehemu ya mada anaweza kuambiwa hakuna kitu, na vitabu vya mahindi vikiwa vimepangwa safu nzima.

Dawa yake ni rahisi na huwa naifundisha kwa kila anayekuja kaunta. Tafuta kwa maneno yako mwenyewe hadi upate kitabu kimoja tu kinachokufaa. Fungua rekodi yake, shuka chini hadi kwenye mada, na ubofye mada iliyoandikwa pale. Katalogi itakuletea vitabu vyote vilivyopewa mada hiyo, vya Kiswahili na vya Kiingereza, vikiwemo ambavyo majina yao yasingekujia akilini kamwe. Umefanya kama mgeni aliyempata mwenyeji mmoja wa mtaa, naye akampeleka nyumba kwa nyumba.

Kiswahili kina tatizo lake jingine, la kisarufi. Miongozo mingi ya maktaba husema: weka alama ya nyota (*) mwishoni mwa neno ili upate maumbo yake yote. Kwa Kiingereza ushauri huo ni mzuri, kwa kuwa maneno yake hubadilika mwishoni. Maneno yetu hubadilika mwanzoni. Mkulima, wakulima, kilimo na ukulima ni ukoo mmoja, lakini hakuna herufi za mwanzo wanazochangia, na katalogi nyingi hazikubali nyota itangulie neno. Kwa hiyo mtafutaji wa Kiswahili sharti aorodheshe maumbo mwenyewe na kuyaunganisha kwa neno OR, liandikwe hivyohivyo kwa Kiingereza na kwa herufi kubwa: mkulima OR wakulima OR kilimo. Vivyo hivyo "Swahili" halitaleta lazima vitabu vyenye "Kiswahili" katika majina yao, kwa sababu mashine huyaona kuwa maneno mawili tofauti. Neno lenye kibainishi, kama ng'ombe au ng'ambo, nalo lijaribiwe kwa alama hiyo na bila hiyo. Na anayetafuta historia akumbuke kwamba vitabu hubaki na majina ya zama zao: kilichochapishwa 1950 kitasema Tanganyika, na cha 1980 kitasema Zaire.

Ukishapata rekodi, usikimbilie rafuni ukiwa na jina la kitabu pekee. Maktaba mpya ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, iliyozinduliwa Novemba 2018, ilijengwa ili iweze kuchukua vitabu 800,000 na wasomaji 2,100 kwa wakati mmoja. Humo hakuna awezaye kutembea akisoma migongo ya vitabu hadi aone chake. Unachohitaji ni namba ya rafu, ile iliyobandikwa chini ya mgongo wa kitabu. Ni kama anwani ya nyumba, inayoanza na mkoa na kuishia mlangoni.

Tuseme namba hiyo ni PL 8704 .M38 1998, kwa mfumo wa Maktaba ya Congress unaotumiwa na vyuo vikuu vingi. Herufi P ni lugha na fasihi. PL ni lugha na fasihi za Asia Mashariki, Afrika na Oceania. Namba 8701 hadi 8704 zimetengwa kwa Kiswahili. Hapo utakwenda kwa herufi kwanza, PK kabla ya PL, kisha kwa namba nzima, 8703 kabla ya 8704. Wengi hukwama kwenye sehemu ya tatu. Nukta iliyo mbele ya M ni nukta ya desimali, kwa hiyo .M38 hutangulia .M4, ingawa jicho linaona thelathini na nane kuwa kubwa kuliko nne. Fundi cherehani hawezi kubabaika hapa: anajua mita 0.38 ya kitambaa ni pungufu ya mita 0.4. Nimewaona wanafunzi werevu wakisimama mbele ya rafu, wakipita .M4 kuelekea mbele kuitafuta .M38, na kurudi kusema kitabu kimeibwa, wakati kilikuwa upande wao wa kushoto. Mwaka ulio mwishoni ni wa toleo. Maktaba zinazotumia mfumo wa Dewey, ulioanza 1876, huandika tarakimu tupu, na huko lugha ya Kiswahili iko 496.392, kanuni ya desimali ni ileile.

Kabla ya kupanda ngazi, tazama hali ya nakala. Ikiandikwa kwamba imeazimwa, utaona pia tarehe ya kurudishwa, na mara nyingi kuna kitufe cha kuweka oda ili ikirudi ihifadhiwe kwa jina lako. Nakala nyingine hazitoki nje ya maktaba, na nyingine huazimwa kwa saa chache tu kwa sababu darasa la watu mia nne linazihitaji. Ikiwa hali inasema ipo na rafuni haipo, angalia meza za jirani na kitoroli cha vitabu vinavyosubiri kurudishwa mahali pake. Wapo pia wanaokificha kitabu cha sheria katikati ya vitabu vya kemia ili wakikute kesho. Jambo hilo linaniumiza, kwa kuwa kwenye kompyuta kitabu kilichofichwa kinaendelea kuonekana kipo, na wenzao mia hupoteza asubuhi nzima kukitafuta. Ukikikosa, mwambie mkutubi. Kuna utaratibu wa kukisaka na kukiandika kuwa kimepotea.

Majarida yana mambo yake. Jarida ni chapisho linalotoka kwa vipindi. Matoleo ya mwaka mmoja kwa kawaida huunganishwa kuwa juzuu. Na ndani ya kila toleo mna makala za waandishi mbalimbali. Katalogi huorodhesha jarida. Kwa kawaida haiorodheshi makala. Muuza magazeti wa stendi atakwambia kama analo gazeti la leo, lakini usimuulize habari iliyo ukurasa wa saba. Basi ukiwa na rejeo la makala, tafuta jina la jarida, kisha usome kwa makini mstari unaoeleza juzuu ambazo maktaba inazo, kwa sababu kuwa na jarida si kuwa na matoleo yake yote. Mstari unaosema "Juz. 12 (1978) – Juz. 20 (1986)" umeshakujibu kwamba makala ya 1991 haimo kwenye rafu hizo.

Majarida pia hubadilisha majina. Tanganyika Notes and Records lilianza 1936, na baada ya Muungano likaitwa Tanzania Notes and Records. Ukitafuta jina moja waweza kukosa nusu ya maisha yake, kwani kila jina huweza kupewa rekodi yake. Jarida liitwalo Kiswahili, la TATAKI (Taasisi ya Taaluma za Kiswahili ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam), nalo limepitia majina kadhaa tangu lilipokuwa taarifa za Kamati ya Lugha ya Afrika Mashariki iliyoanza kazi 1930. Rekodi nzuri huwa na mstari unaosema "linaendeleza jarida fulani," nao ni wa kubofya.

Ili kupata makala kwa mada, ondoka kwenye katalogi uingie hifadhidata za majarida, yaani mikusanyo ya mtandaoni inayoorodhesha makala moja moja, ambazo viungo vyake huwa kwenye tovuti ya maktaba. Siku hizi vyuo vingine vina kisanduku kimoja kinachopekua katalogi na hifadhidata kwa pamoja. Ni rahisi kukitumia, ila kinachanganya wengi, kwa kuwa matokeo yake huwa na vitabu vya rafuni, makala za mtandaoni na vitu ambavyo chuo hakijavilipia, vyote katika orodha moja. Soma kila tokeo ni la aina gani kabla ya kulifuata.

Hapo ndipo linapokuja suala la malipo. Mwanafunzi yuko nyumbani Mbagala, amefungua makala, na ukurasa unamtaka alipe dola. Asilipe. Chuo kinaweza kuwa kimeshalipia. Mchapishaji hulitambua jengo la chuo kwa anwani ya mtandao inayotumika pale, na simu ya nyumbani inakuja na anwani ya kampuni ya simu, hivyo anaonekana mpita njia. Afuate kiungo kutoka tovuti ya maktaba yake na aingie kwa nywila aliyopewa na maktaba, ndipo atatambuliwa. Ada hizi ni kubwa, na maktaba zetu huungana kuzibeba, kwa Tanzania kupitia muungano wa maktaba uitwao COTUL na kwa Kenya kupitia ule wa KLISC. Uko pia mpango wa Research4Life, ulioanza 2002 kwa majarida ya afya chini ya Shirika la Afya Duniani, unaozifikishia taasisi za nchi za kipato cha chini majarida bure au kwa ada ndogo. Majarida mengi ya Afrika yapo African Journals Online, na mengine, kama Swahili Forum, hayadai chochote kwa msomaji.

Zipo imani nyingine ninazokutana nazo kila wiki. Watu hudhani katalogi ni ya wanachuo pekee, ilhali kwa vyuo vingi kutafuta ndani yake hakuhitaji nywila. Mwalimu wa sekondari au mwandishi wa habari anaweza kuitazama akiwa kwake, ingawa kuazima na kusoma majarida ya kulipia ni kwa wanachama. Wengine huamini kwamba kila kilichomo maktabani kimo kwenye kompyuta. Katika maktaba kongwe kuna vitabu vya zamani, vijitabu na ripoti za serikali ambazo bado hazijaingizwa, na wa kuulizwa ni mkutubi wa makusanyo maalumu. Tasnifu za wanafunzi mara nyingi huwekwa katika hazina ya kidijitali ya chuo, yenye ukurasa wake mwenyewe.

Na kuna hili jipya. Wanafunzi wanakuja na orodha za vitabu walizopewa na programu za akili mnemba, zenye waandishi wanaojulikana, majina yanayovutia na miaka inayoaminika, na baadhi ya vitabu hivyo havikuandikwa kamwe. Hapa katalogi ni shahidi mzuri. Kitafute kwanza kwetu, kisha katika WorldCat, katalogi ya pamoja ya maelfu ya maktaba duniani, ambayo mtu yeyote anaweza kuitumia bure. Kitabu cha kitaaluma kinachodaiwa kuchapishwa London, kisichoonekana katika maktaba hata moja kati ya hizo, kisiingizwe kwenye marejeo ya mtu. Kwa vitabu vyetu nisingehukumu haraka hivyo, maana vingi vilivyochapishwa Dar es Salaam au Nairobi havikufika huko.

Kikionekana kipo kweli na sisi hatuna, jaza fomu ya kupendekeza ununuzi. Programu nyingi za katalogi zinayo, nasi tunazisoma. Andika mwandishi, jina, mwaka na ISBN, namba ya utambulisho wa kitabu, ambayo tangu 2007 ina tarakimu kumi na tatu. Ikianza na 978-9976 au 978-9987 kimesajiliwa Tanzania, na 978-9966 ni Kenya, jambo linalotuonyesha mara moja tuanze kumpigia mchapishaji wa wapi.